Tuwaandikie watu, tusiiandikie mashini



Katekista mmoja wa kijiji cha mbali alinisimulia jambo lililompata. Nyumbani kwake rezo haifiki. Inampasa kupanda mlima ulio nyuma ya mashamba ya mihogo, asimame juu ya jiwe fulani, ndipo simu yake inashika. Siku moja alinunua mega za franka 500, akapanda, akatafuta habari ya mkutano wa makatekista, kusudi ajue siku na fasi. Akauona ukurasa wenye kichwa hiki: “Mkutano wa makatekista: mambo saba usiyoyajua, la tano litakushangaza.” Akaugusa. Kwanza zikaja picha tatu kubwa, tena polepole. Kisha yakaja maneno juu ya mikutano kwa jumla. Kisha maneno yaleyale yamegeuzwa kidogo. Na kila baada ya mistari miwili neno “mkutano wa makatekista” linarudi kama kiitikio cha wimbo. Akaendelea kuushusha ukurasa kwa kidole, mpaka mega zikaisha. Siku ya mkutano ilikuwa imeandikwa chini kabisa, naye hakuifikia. Akashuka mlimani mikono mitupu, na mkutano ukapita bila yeye.

Baadaye nilikutana na kijana aliyeandika ukurasa ule. Si mtu mbaya, wala si mvivu. Anaipenda kazi yake. Nikamwuliza: “Kwa nini hukuiandika siku ya mkutano katika mstari wa kwanza?” Akanijibu bila kusita: “Padri, nikiiweka mwanzoni, watu wanasoma mstari mmoja na kutoka. Mashini ikiona kwamba wanatoka upesi, inauficha ukurasa wangu. Lazima wakae.”

Jibu hili lilinifikirisha siku nyingi. Kijana yule alidhani anawaandikia makatekista. Kumbe alikuwa akiiandikia mashini, na makatekista walikuwa chambo tu. Leo wengi wetu tunaandika kwenye intaneti: habari za parokia, mafundisho, mashauri juu ya kilimo, afya na masomo. Basi yafaa tulielewe vizuri jambo hili: mashini hiyo ni nini, inatafuta nini, waliotangulia kuitumikia walipatwa na nini, na ginsi gani tunaweza kuwaandikia watu tena.

I. Mashini ya kupanga ni nini?

Intaneti ya kurasa, ile tunayoisoma kwenye simu, ilianzia karibu na Genève, katika nyumba kubwa ya uchunguzi wa elimu inayoitwa CERN. Mwezi wa Machi 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliandika shauri la kuunganisha maandiko yaliyomo katika mashini nyingi, kusudi mtu anayesoma andiko moja aweze kupita mara moja kwenda kwa lingine. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikawapa watu wote kazi hiyo bure. Jambo lililo kubwa ndani yake ni kiungo, maana yake neno ambalo ukiligusa linakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Mwanzoni njia ilikuwa ya mtu kwa mtu: fulani amesoma, ameona kwamba ni vizuri, ameweka kiungo, nawe umemfuata.

Lakini kurasa zilizidi kuongezeka, mpaka hakuna aliyeweza kuzijua zote. Ikahitajiwa kazi ya kuzipanga. Fikirini chumba cha vitabu cha seminari. Vitabu vikiwa 50, kila mmoja anajua kilipo hiki na kilipo kile. Vikiwa 50.000, lazima awepo mtunza vitabu mwenye orodha. Katika intaneti, kazi ya mtunza vitabu inafanywa na mashini. Hesabu ambayo mashini inaifuata ili kuchagua nini kitangulie na nini kibaki nyuma, wataalamu wanaiita algoritimu. Sisi hapa tutasema kwa urahisi: mashini ya kupanga.

Ziko namna mbili kubwa. Ya kwanza ni mashini ya kutafutia. Wewe unauliza, nayo inakujibu kwa orodha ya kurasa. Inayojulikana kuliko zote ni Google, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Stanford, huko Marekani. Fikira yao ilikuwa nzuri: walihesabu viungo. Ukurasa ulioelekezewa viungo vingi, hasa kutoka kurasa zenye sifa, ulitangulizwa. Angalieni vema: nyuma ya kiungo alikuwapo mtu aliyesoma na kuhukumu. Mashini ilikusanya tu hukumu za watu.

Ya pili ni mashini ya mfululizo, kama ile ya Facebook. Hapa wewe hukuuliza kitu. Unafungua simu, nayo inakuletea habari moja nyuma ya nyingine. Facebook ilianza mfululizo huo mwezi wa Septemba 2006. Siku hizi mashini inakisia ni habari gani itakushika, ndiyo inaiweka mbele. Kwa nini inataka kukushika? Kwa sababu mwenye mashini anaishi kwa matangazo ya biashara. Ukikaa zaidi, unaona matangazo zaidi, naye anapata faida zaidi.

Basi fundo la neno ni hili. Mashini haiwezi kuona kama msomaji ameelewa, kama amefarijika, kama amepata alichokihitaji. Inaweza kuhesabu tu: amegusa au hakugusa, amekaa dakika ngapi, amejibu, amewapelekea wengine. Inahesabu vidole na dakika. Na mwandishi anayeitumikia atajifunza kidogo kidogo kutafuta vidole na dakika, mpaka asahau kwamba nyuma ya kidole yupo mtu.

II. Mambo yaliyowapata waliotangulia

Wenye hila walikuwapo tangu mwanzo. Walipojua kwamba mashini za kutafutia zinaangalia maneno ya ukurasa, walirudia neno moja mara nyingi sana. Wengine waliandika maneno meupe kwenye ukurasa mweupe, kusudi msomaji asiyaone lakini mashini iyasome. Walipojua kwamba Google inahesabu viungo, wakaanza kuuza na kununua viungo. Kila mara Google ilirekebisha hesabu yake, na kila mara waliotegemea hila walianguka.

Tuchukue mfano wa kwanza. Mwaka 2006 ilianzishwa huko Marekani kampuni iliyoitwa Demand Media. Kazi yake iliendeshwa hivi: mashini ilichunguza watu wanatafuta maneno gani kwenye intaneti, na matangazo gani ya biashara yanaweza kuuzwa kando ya maneno hayo. Kisha ilitoa vichwa vya makala. Waandishi walichukua vichwa hivyo, wakavijaza upesi, wakalipwa mara nyingi kama dolari 15 kwa makala moja. Makala yalitoka kwa maelfu. Hakuna aliyeuliza kwanza: Je, tuna neno la kumwambia mtu? Mwezi wa Januari 2011 kampuni iliingia katika soko la hisa la New York, na thamani yake ilipita miliardi moja ya dolari. Mwezi uliofuata Google ilianza kubadili hesabu yake, kusudi ishushe kurasa zenye maneno mengi na faida kidogo. Badiliko la mwezi wa Aprili 2011 likaipiga Demand Media yenyewe. Wasomaji waliokuwa wakiletwa na mashini wakapungua, thamani ya kampuni ikaporomoka, na baada ya miaka michache ikabadili hata jina lake.

Mfano wa pili ni wa kusikitisha zaidi, maana hawa hawakufanya hila kama wale. Mwaka 2014 ilitokea huko Marekani nyumba ya habari iliyoitwa LittleThings. Iliandika mambo mepesi ya kufurahisha: wanyama, jamaa, matendo mema. Wasomaji wake wengi walitoka Facebook. Mwezi wa Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza habari za rafiki na ndugu, na kurudisha nyuma kurasa za makampuni na magazeti. Mkuu wa LittleThings alisema kwamba wamepoteza karibu robo tatu za wasomaji waliokuwa wakija bure kwa njia hiyo. Kabla mwezi wa Februari kwisha, nyumba ilifungwa, na wafanyakazi kama 100 walikosa kazi. Walikuwa na mamilioni ya wasomaji, lakini wengi wa wasomaji hao hawakuijua njia ya kufika kwao. Njia ilikuwa mikononi mwa mwingine, naye aliifunga kwa siku chache. Mtu akijenga juu ya kiwanja cha mwenziwe, asishangae akiambiwa ahame.

Mfano wa tatu unahusu amani ya watu. Tangu mwaka 2017 mashini ya Facebook ilizihesabu alama za nyuso, pamoja na uso wa hasira, kuwa na uzito mara tano kuliko alama ya kupenda. Barua za ndani za kampuni, zilizotolewa nje mwaka 2021 na Frances Haugen aliyekuwa mfanyakazi wake, zilionyesha kwamba watu wa kampuni yenyewe waliona hatari: habari zenye kuvuta hasira nyingi zilikuwa pia mara nyingi zenye uongo na matukano. Uzito ulipunguzwa kidogo kidogo, na mwezi wa Septemba 2020 uso wa hasira ukapewa sifuri. Hesabuni wenyewe: ni miaka mitatu. Katika miaka ile, mwandishi aliyefuata mashini alifundishwa kila siku, bila mwalimu kusema neno, kwamba kukasirisha watu kunaleta faida. Sisi tunaokaa Kivu, Ituri na Katanga hatuhitaji kuelezwa hasira inaweza kuzaa nini kati ya majirani.

III. Hasara tatu

Hasara ya kwanza ni ya msomaji. Ulaya wengi wanalipa intaneti kwa mwezi mzima, wanasoma bila kuhesabu. Kwetu watu wengi wananunua mega kidogo kidogo, kama chumvi sokoni. Picha kubwa isiyo na sababu inakula mega. Utangulizi mrefu unakula saa, na pengine betri iliyochajiwa kwa kulipa. Kwa hiyo, ndugu zangu, kurefusha maneno kusudi msomaji akae si kosa la mtindo tu. Ni jambo la haki. Franka 500 za katekista yule zilikuwa jasho lake. Aliyezitumia bila kumpa kitu amemnyang’anya, hata kama hakumwona uso.

Hasara ya pili ni ya mwandishi mwenyewe. Kila asubuhi anafungua simu kuangalia namba. Jana walikuwa 300, leo ni 40: moyo unaanguka. Haulizi tena, “Je, mama fulani ameelewa namna ya kumnywesha mtoto anayehara?” Anauliza, “Ni wangapi?” Halafu anaacha mambo aliyoyajua vizuri, anaandika yale yaliyoleta namba jana. Anaanza kuchagua vichwa vyenye kelele; na wahenga walikwisha kusema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Anapenda bado kuwasaidia watu, lakini anapenda pia kuipendeza mashini. Na njia mbili zilimshinda fisi.

Hasara ya tatu ni ya lugha yetu. Kwenye intaneti maandiko ya Kifaransa na Kiingereza ni mengi mno kupita ya Kiswahili, na Kiswahili chetu cha Kongo kina fasi ndogo zaidi. Mwandishi anayetazama namba ataona upesi kwamba makala ya Kifaransa yanaonekana mpaka Kinshasa, Abidjan na Paris. Basi ataiacha lugha ya watu wake, si kwa sababu hawana haja naye, bali kwa sababu ni wachache katika hesabu. Wanaobaki bila maandiko ni walewale ambao hawakupata masomo marefu, yaani ndio wenye haja kuliko wote.

Na sasa limeongezeka jambo jingine. Tangu mwezi wa Novemba 2022, ilipotolewa programu ya ChatGPT, kila mtu anaweza kuagiza mashini imwandikie. Mashini hizi zina faida yake. Zinaweza kumsaidia mtu kusahihisha au kufupisha. Lakini wako wanaozitumia kumwaga kurasa kwa maelfu, kusudi mashini ya kupanga ichague hata chache, nao wapate pesa ya matangazo. Mwezi wa Machi 2024 Google ilitangaza amri mpya juu ya kurasa zinazotengenezwa kwa wingi namna hiyo. Angalieni tumefika wapi: mashini inaandika, mashini inachagua, na katikati hakuna mtu aliyekuwa na neno la kumwambia mwenziwe.

IV. Je, tuidharau mashini kabisa?

Wengine watapinga hivi: “Padri, kama hatuipendezi mashini, hakuna atakayetuona. Neno zuri lililofichwa linamfaa nani?” Pingamizi hili lina nguvu, tena halijibiwi kwa hasira. Inafaa tutenganishe mambo mawili.

Jambo moja ni kuiambia mashini ukweli juu ya ukurasa wako. Kichwa kinachosema wazi kilichomo, maneno ambayo watu wenyewe wanayatumia wanapotafuta, tarehe, jina la mwandishi, jina la fasi, maelezo mafupi ya picha. Hiyo ni kama kuandika vizuri kadi ya kitabu katika orodha ya seminari. Ukiandika juu ya ugonjwa wa mihogo, tumia neno “mihogo”, wala usiseme tu “zao letu pendwa”. Mashini itakuelewa, na mkulima pia atakuelewa. Hapa hakuna ugomvi: kinachomsaidia mtu kinaisaidia mashini.

Jambo jingine ni kugeuza unachokisema, au kukificha, au kukirefusha, au kukitia pilipili, kwa sababu ya mashini. Hapo umebadili bwana. Namna ya kujichunguza ni rahisi. Jiulize: Kama mashini isingekuwapo, na msomaji huyu angekuwa ameketi mbele yangu kwenye kiti, je, ningemwambia hivi? Kama ungemwambia hivi, andika. Kama ungeona haya, futa.

Tena hesabu za mashini zinabadilika kila mara, na hubadilika bila kutuuliza. Anayejifunza hila za mwaka huu, mwaka ujao ataanza tena. Lakini mtu mwenye haja ya kuelewa habadiliki sana. Mama wa mwaka 1960 na mama wa leo wanataka jambo moja: waambiwe ukweli, kwa maneno wanayoyajua, bila kuchoshwa.

V. Tuandike namna gani?

Mtakatifu François de Sales, Askofu wa Genève aliyekaa Annecy, alitajwa na Papa Pius XI mwaka 1923 kuwa msimamizi wa waandishi. Kitabu chake juu ya maisha ya ibada kilichapwa mwaka 1609, kikasomwa Ulaya nzima, na mpaka leo kinasomwa. Lakini kilianzaje? Hakikuanza kama kitabu kwa ajili ya watu wote. Zilikuwa barua na mashauri kwa mtu mmoja, Bibi de Charmoisy, mwenye nyumba na kazi na mahangaiko ya watu wa dunia. Alipokitengeneza kitabu alimpa msomaji wake jina la Philothée, na akaendelea kusema naye kama mtu mmoja. Kwa sababu alimjua mmoja vizuri, maelfu walijiona ndani ya maneno yake.

Hilo ndilo shauri la kwanza: chagua mtu mmoja halisi unayemjua, umwandikie yeye. Usiseme “vijana” tu. Fikiri kijana yule anayeuza unite kwenye kituo cha pikipiki. Usiseme “wazazi” tu. Fikiri jirani yako aliyeacha masomo katika mwaka wa nne wa shule ya msingi. Ukimwona usoni, utajua neno gani litamsimamisha na neno gani atalipokea.

Pili, weka jambo lenyewe mwanzoni. Siku, saa, fasi, bei, dawa, onyo: vitangulie. Maelezo yafuate kwa mwenye nafasi ya kuyasoma. Msomaji akiondoka baada ya mstari wa kwanza akiwa amepata haja yake, umeshinda, hukushindwa.

Tatu, kichwa kiseme ukweli. Kichwa ni ahadi. Ukiahidi siri na usitoe siri, msomaji ataudhika mara ya kwanza, na mara ya pili hatakuamini hata ukisema neno la lazima.

Nne, uwe mfupi kadiri ya jambo. Jambo fupi lisirefushwe. Jambo refu lisikatwe mpaka likose maana. Picha iwe moja, ndogo, na iwe na kazi.

Tano, andika katika lugha ambayo yule mtu mmoja anaitumia nyumbani. Kama ni Kiswahili cha kwetu, kiwe Kiswahili cha kwetu, safi na chenye adabu.

Sita, kabla ya kutoa, soma kwa sauti mbele ya mtu. Kwetu simu moja mara nyingi inasomwa na mmoja, wengine wanasikiliza. Pale ulimi wako unapojikwaa, hapo rekebisha. Pale msikilizaji anapouliza “ee?”, hapo hukueleza.

Saba, badala ya kuhesabu waliogusa, sikiliza wanaojibu. Mtu mmoja akikuambia “nilifanya ulivyosema, na mtoto amepona”, neno hilo ni zito kuliko alama 1.000 za kupenda.

VI. Njia za kufika kwa msomaji

Bado tunaulizwa: watatuonaje? Inafaa tutafute njia ambazo ziko kati ya mwandishi na msomaji, bila mpangaji katikati.

Iko njia ya kurasa inayoitwa RSS, iliyotokea mwaka 1999. Msomaji anaandika anwani ya ukurasa wako katika programu yake. Kila ukitoa jambo jipya, programu inamletea, kwa kufuata tarehe, bila kuchagua. Google ilikuwa na programu ya kusomea kwa njia hii, ikaifunga tarehe 1 Julai 2013. Lakini njia yenyewe haikufa, maana si mali ya kampuni moja; mpaka leo vipindi vingi vya sauti vya kwenye intaneti vinasafiri kwa njia hiyo.

Iko barua ya intaneti, ambayo msomaji ameiomba mwenyewe kwa kutoa anwani yake. Orodha ya anwani 60 za watu waliokuomba barua ni mali yako, wapenzi 6.000 wa Facebook ni mali ya Facebook.

Liko kundi la WhatsApp. Humo maneno yanafuata saa yalipotumwa. Mashini haipangi nini kitangulie. Lakini angalieni: humo mpangaji ni mikono yetu wenyewe. Mwezi wa Januari 2019 WhatsApp ilipunguza uwezo wa kupeleka mbele ujumbe, usipite watu au makundi matano kwa mara moja, kusudi uongo usienee upesi. Basi anayepeleka mbele asome kwanza mpaka mwisho, na ajiulize nani aliandika, na lini.

Na iko karatasi. Msicheke. Ukurasa mmoja uliochapwa na kubandikwa penye mlango wa kanisa au wa shule haumalizi mega za mtu, wala haubadiliki kwa amri ya kampuni. Anayeandika vizuri kwenye intaneti aweza kuchapa maneno yaleyale, akampa katekista ayapeleke kijijini. Ikiwa andiko lako halifai kubandikwa mlangoni, jiulize kama lilifaa kuwekwa kwenye intaneti.

Mwisho

Nilizungumza na yule kijana jioni nzima. Sikumwambia aache intaneti. Nilimpa tu jina la katekista yule, nikamweleza mlima na jiwe na franka 500. Alinyamaza kitambo. Halafu akasema: “Sikujua kwamba alikuwapo.”

Mkutano uliofuata aliutangaza kwa mistari sita. Kichwa kilisema siku, saa na fasi. Hakuna picha. Aliutuma pia kama ujumbe mfupi wa simu kwa makatekista ambao alikuwa amekusanya namba zao, mmoja mmoja, kwa idhini yao. Namba za ukurasa wake zilishuka siku ile, naye aliniambia hivyo akicheka kidogo, lakini kicheko chenye uchungu bado, maana kuzizoea namba si jambo la kuacha kwa siku moja.

Katekista wa mlimani alikuja. Alifika mapema, viatu vimejaa matope, akaketi mstari wa mbele. Yule kijana alikwenda kumsalimu, akamwuliza kama alipata habari vizuri. Mzee akajibu: “Nilipata. Nilisoma mara moja tu, nikarudi shambani.”

Basi, ndugu wapenzi, mkishika simu kuandika, kwanza mtafuteni mtu. Mkisha kumwona, semeni naye.